Kiongozi wa Kazi za Juu

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa kwenye kilima cha Rubona, penye mnara wa simu, nikiwa nimevaa viatu vya kanisani. Mkuu wa Kikosi, aliyekulia Tanzania na kusema Kiswahili cha kunyooka, alivitazama viatu vile, akaguna, kisha akanifunga mkanda wa usalama. "Kijana, mnara haupandwi kwa miguu tu. Unapandwa kwa kiuno. Ukichoka, keti kwenye mkanda, usining'inie kwa mikono." Nilichoka kabla ya kufika nusu. Nikaketi hewani, nikaliona ziwa lote na mitumbwi ya wavuvi, nikaogopa sana na kuipenda kazi hapo hapo.

Ninyi vijana mnaolalamika mtandao ukikatika, afadhali mjue kazi ilivyokuwa. Wenzetu wa Kazi za Chini walitunza jenereta na betri. Sisi wa Kazi za Juu tulipanda kufunga antena na zile sahani za duara zinazorushiana mawimbi kutoka mnara hadi mnara. Sahani mbili lazima zitazamane. Yako ikigeuka kidogo tu, watu wa Kanzenze, penye mnara wa pili, wanabaki wakipiga kelele kwenye simu bubu. Kwa hiyo mmoja hulegeza nati huko juu, mwingine chini husoma kipimo na kuita kwenye redio ya mkononi: "Kushoto kidogo. Rudi. Kaza." Baada ya miaka mingi ya kukaza nati, Mkuu wa Kanda alinipa cheo: Kiongozi wa Kazi za Juu. Maana yake nilikuwa na vijana wachache na kamba nyingi.

Cheo hicho hakikumgusa baba mkwe wangu, muuza vitenge wa Goma, ng'ambo ya mpaka. Aliogopa binti yake atakuwa mjane. "Mutu muzima anapanda chuma kama mutoto anatafuta avoka ku muti," alikuwa akisema. "Na sahani zako zote ziko huko juu, hakuna hata moja ya kulia chakula." Akija kwetu Mbugangari, huku Gisenyi, alikaa karibu na mlango, akaongea na binti yake, na mke wangu akianza tu kupakua, mzee huyo anasimama: mupaka itafungwa. Hata kama ni saa tano asubuhi. Iliniuma sana. Mtu asiyekula kwako hajakukubali.

Kisha redioni wakatangaza tuzo ya kila mwaka ya viongozi wa teknolojia ya juu, na safari hii hafla ingefanyika hapa Gisenyi, hotelini kando ya ziwa. Mkuu wa Kanda, mtu aliyerudi kutoka Uganda na Kiswahili chake cha kuokoteza, akagonga meza. "Teknolojia ya juu? Sasa nani ako juu kuliko wewe?" Akapeleka jina langu pamoja na cheo. Waandaaji waliposoma "Kiongozi wa Kazi za Juu" wakadhani ni mkubwa fulani wa ofisi za juu, wakaniweka kati ya washindani. Mimi nilishuku kuna mahali maneno yamepishana, lakini baba mkwe alikuwa amelisikia jina langu redioni na kusema atakuja. Nikanyamaza, nikaazima koti.

Siku yenyewe niliketi mbele, katikati ya wakurugenzi. Mshereheshaji akapitisha kipaza sauti ili kila mmoja aseme anaongoza nini. Mmoja akasema programu za benki, mwingine ndege zisizo na rubani. Kikanifikia.

"Napanda minara," nikasema. "Nawaongoza wanaopanda."

Ukumbi ukacheka. Mshereheshaji naye akacheka, akasema kweli huyu yuko juu. Tuzo ikaenda kwa mkurugenzi wa programu za benki, nami nikapiga makofi pamoja na wengine huku masikio yakiniwaka. Kuchekwa na wakubwa ningevumilia. Niliyemwogopa ni yule mzee aliyeketi nyuma kabisa.

Alikuwa ananisubiri nje, kofia mkononi.

"Bale bakubwa, banapandaka minara?"

"Hapana, papa. Wao wanaongoza wakiwa chini."

"Mi ninaweza kukucheka, juu niko papa ya bibi yako. Lakini bale? Bale banakucheka juu ya nini?" Akaivaa kofia yake kwa hasira. "Bon. Twende kwako, mukwe. Iko chakula?"

Sasa nimestaafu. Magoti yangu hayataki hata ngazi ya kupaka rangi ukuta, na mkanda wangu wa mwisho umetundikwa msumarini, mke wangu anautumia kuanikia nguo. Tuzo ile bado hutolewa kila mwaka, ila siku hizi redioni wanasema "teknolojia ya kisasa", asije fundi mwingine akapotea njia. Vijana wa kikosi wakinitembelea huniuliza kama nina uchungu wa kuikosa. Ninao, kidogo. Lakini jioni ile mke wangu alipakua maharage na sambaza wa kukaanga, wale dagaa wa ziwa letu, mzee akaivuta sahani karibu, akaomba aongezwe, akaomba tena. Alikula mpaka mpaka ukafungwa, tukamtandikia kitanda.