Gari Lisilo na Kabureta

Shilinde alikuwa Msukuma wa Tindiga, mrefu, mpole, aliyeuza ng'ombe kumi na mmoja wa ukoo ili anunue gari. Ilikuwa mwaka tisini na saba, magari yaliyotumika Japani yanashuka bandarini kama mitumba, na kila mwenye cha kuuza alikuwa anauza. Baba yake aliacha kuongea naye tangu siku hiyo. Shilinde alijifanya hajali. Alibeba wagonjwa, walimu na magunia ya mpunga, na jioni alilifuta lile gari kwa kipande cha kanga ya mkewe, Jenipher.

Mimi Mwinshehe ndiye niliyekuwa fundi wake. Miaka kumi na minane nilitengeneza malori ya shamba la mkonge, mpaka shamba likauzwa na sisi tukapunguzwa kazi. Malori yale yalikuwa na kabureta, na kabureta naifungua hata gizani. Gari la Shilinde halikuwa nayo. Lilikuwa na nozeli zinazopuliza petroli kwa nguvu, na pampu ya umeme iliyofichwa ndani ya tenki. Siku ya kwanza nilipofungua boneti sikuelewa kitu, nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Fundi akisema hajui, nani atamletea gari tena?

Ushauri lakini nilikuwa nao tele. Nilimwambia, "Usilaze petroli kwenye tenki, wezi wataivuta kwa mpira. Weka ya safari tu, nyingine ikae kwenye dumu." Ndivyo nilivyowafundisha madereva wote wa Kilosa, na malori hayakuwahi kulalamika. Shilinde alinitii kuliko wote.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata mvua zilikata barabara ya kwenda Kilosa. Mimi nilikwama Tindiga, nilikokwenda kutengeneza mashine ya kusaga. Hapo ndipo Jenipher aliposhikwa na uchungu, mimba ya kwanza. Mkunga Fausta alimpapasa akasema mtoto amelala vibaya, apelekwe Mikumi hospitali na asicheleweshwe. Gari lilikuwa limeanza kuzimazima wiki ile, kwa hiyo Shilinde akanichukua niende nao. Petroli aliweka ya kufika Mikumi. Dumu la akiba liliwekwa kwenye buti.

Tulikipita kijiji cha Ulaya vizuri. Mbele kidogo gari likakohoa, likazima.

Jua lilikuwa kali. Tulimimina dumu lote kwenye tenki, tukapiga stata, kimya. Nilichomoa plagi, cheche zipo. Fyuzi nzima. Nililegeza mpira unaoleta petroli kwenye injini, haikutoka hata tone. Kwa hiyo moto upo, petroli haifiki. Mpaka hapo nilikuwa fundi.

"Fundi, bado?" Jenipher aliuliza kutoka kiti cha nyuma. Fausta alikuwa amempakata kichwa.

"Bado kidogo, mama."

Shilinde aliingia uvunguni akagonga tenki kwa spana ya magurudumu kuishtua pampu, mimi nikawasha. Pampu ikavuma, gari likawaka, nikamsikia Jenipher anamshukuru Mungu. Tulikwenda kama kilomita mbili. Likazima tena, na safari hii tuligonga mpaka tenki likabonyea.

Nikafanya nililolijua. Nilivuta petroli kutoka kwenye tenki, nikafunga dumu juu ya paa na kuteremsha mpira mpaka kwenye injini, kama tulivyofanya kwenye malori pampu ilipokufa. Injini ilikohoa mara moja tu. Nozeli zinataka msukumo, na dumu juu ya paa halina msukumo wowote. Sikulijua hilo. Nilipoteza saa nzima kufunga na kufungua mpira uleule, naogopa kuinua macho.

"Mzee, fanya chochote," Shilinde aliniambia. Alikuwa analia, mtu mzima, na mimi sikuwa na chochote.

Mfugaji mmoja akatokea na mkokoteni wa ng'ombe. Tulimlaza Jenipher juu ya majani tukaenda naye hivyo mpaka Mikumi. Walimpasua jioni ile. Jenipher alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekwisha kufa.

Pampu niliipeleka mwenyewe Morogoro kwa fundi Theodory, anayeyajua magari haya. Aliifungua, akainusa.

"Mwenye gari alikuwa anatembea na tenki tupu?" aliuliza. "Pampu hizi zinapozwa na petroli. Ikikaa kavu inaungua taratibu, siku moja inagoma."

Niliichukua pampu nikaondoka. Nilikwenda moja kwa moja Tindiga, na njia nzima nilikuwa nayapanga maneno: Shilinde, kosa ni langu, mimi ndiye niliyekufundisha.

Niliwakuta uani. Jenipher aliniamkia shikamoo, nikaitikia, akaniletea kiti. Baba yake Shilinde alikuwepo pia.

"Mzee, asante kwa siku ile," Shilinde alisema. "Ulihangaika sana. Kosa ni langu mimi. Baba alinikataza nisiuze ng'ombe, sikusikia, nikamuua mwanangu."

Jenipher alinitazama, anangoja niseme sivyo.

"Ndiyo hivyo, mwanangu," nilisema. "Magari haya hayaaminiki."

Baba yake akaitikia kwa kichwa.