Samaki wa Mzee Mutiso Nilimfanya Wangu

Nimekosa, na sitafuti wakili. Niliiba samaki ambaye hata hakuliwa, samaki aliyerudishwa majini akaenda zake, na bado nikamwiba! Ukicheka nitakuelewa. Hata mimi ningecheka kama isingekuwa mimi.

Sitataja jina langu. Ni Mkenya, nina miaka arobaini na kitu, naishi Alief, Houston, na nafanya kazi kwenye kliniki ya kusafisha figo. Nina gari, nina nyumba ya chumba kimoja, nina televisheni kubwa kuliko sebule. Watu sina. Kazini nazungumza na wagonjwa, nikifunga mlango wa nyumbani kinywa nacho kinafungwa mpaka kesho yake.

Mtu niliyekuwa naye ni mmoja, Mzee Mutiso. Ni Mkamba, mstaafu, mjane, alikuwa akiishi Stafford, dakika chache kwa gari kutoka kwangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barabara hizi za njia sita nilipofika. Ndiye aliyenipigia simu kila jioni kuuliza nimekula nini. Nikisema nimekula mkate na soda, ananigombeza kama mama. Kila jioni, jamani! Miaka minane!

Na ndiye aliyeniingiza kwenye klabu ya uvuvi. Sisi ni watu kumi na wanne, wengi Wakenya, Watanzania wawili na Mkongo mmoja, nusu Houston na nusu Dallas. Mwaka mzima tunavua kwenye mabwawa ya hapa Texas. Lakini kila vuli tunapanda ndege kwenda Minnesota, wikendi moja tu, kutafuta maski kwenye mto Mississippi. Maski ni samaki mrefu kama mtoto wa darasa la pili, mwenye meno ya mbwa na kiburi cha chifu. Unaweza kurusha chambo siku mbili nzima, mabega yakaisha, na usimwone hata mkia.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana hapo ndipo nilipoharibu. Tunavua wawili wawili, kila boti na jozi yake. Samaki haendi nyumbani. Unampima, unampiga picha moja, unamrudisha akiwa hai. Kwa hiyo ushahidi ni picha na neno la mwenzako wa boti, basi. Tukirudi, Jumapili moja baada ya kanisa, tunakutana kwa mwenyekiti, tunachoma nyama, aliyemshika maski anasimama anasimulia, na mwenzake anasimama kumthibitisha. Kisha jina lake linaandikwa kwa rangi kwenye kasia la zamani linaloning'inia ukutani kwenye gereji ya mwenyekiti.

Mzee Mutiso alikuwa amekwenda Minnesota mara sita. Mara zote sita alirudi mikono mitupu, na mara zote alipiga makofi kwa wengine. Jina lake halikuwa kwenye kasia.

Mwaka huu tulikuwa boti moja, yeye na mimi. Jumamosi, baridi ya kung'ata masikio. Kabla ya kutoa chambo majini, mvuvi wa maski huchora namba nane kwenye maji kwa ncha ya ufito wa kuvulia, kando kabisa ya boti, kwa sababu samaki huyu hupenda kufuata chambo kimyakimya. Mimi nilikuwa nimechoka, nachora nusu nane, naacha. Mzee alichora yake yote, kila mara, polepole, kama mtu anayeandika barua.

Nikamtania, "Mzee, hiyo nane utapewa alama na nani?"

"Wewe chora yako, kijana," akasema. "Mimi sina haraka."

Hakuwa amefunga mdomo sawasawa, maji yakapasuka! Wee! Ufito ukapinda mpaka nikadhani utavunjika. Mzee akapiga kelele, "Wavu! Leta wavu!" Nikatupa ufito wangu, nikashika wavu, nikamkinga samaki kichwa kwanza kama alivyonifundisha. Mzee akacheka, akalia, akacheka tena.

Tukampima. Inchi arobaini na nane. Kwenye klabu yetu hakuna aliyewahi kufikisha arobaini na tano!

Mzee alimtoa ndoana kwa koleo, lakini vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi. Alijaribu kumwinua, akashindwa. "Mikono imekataa," akasema. "Mshike wewe. Haraka, asikae nje." Akachukua simu yangu, akanipiga picha. Mimi, na samaki wake mikononi.

Nikamwambia, "Ngoja sasa nikusaidie, upige na wewe."

"Hapana. Moja inatosha. Mwache apumue."

Alimshikilia mkiani majini muda mrefu, akimsemesha Kikamba, mpaka samaki akajipiga akaenda. Mzee aliacha picha yake kwa kumhurumia samaki. Huyo ndiye mtu niliyemfanyia niliyomfanyia.

Tulipokaribia gati simu ikapata mtandao. Nikatuma picha kwenye kundi la klabu. Naapa, sikuandika kitu. Picha tu. Nilikusudia kuandika "Ni wa Mzee Mutiso" mara tu nikivua glavu.

Kabla sijavua glavu, simu ilianza kutetemeka.

"Wueh! Bro, hiyo ni monster!"

"Congrats sana kaka! Umetuaibisha wote!"

"Nani huyu? Ni yule jamaa wa Alief? Kumbe anajua kazi!"

Miaka mitano kwenye klabu ile nilikuwa "yule jamaa wa Alief". Siku ya kuzaliwa kwangu haijawahi kukumbukwa na mtu. Na sasa watu kumi na mmoja waliniita kaka kwa dakika mbili! Kichwa kilivimba, moyo ulipata joto ambalo sikulijua tangu niondoke nyumbani. Nikaandika, "Mungu ni mwema."

Hayo tu. Ningeulizwa leo, ningesema sikudanganya, nimemsifu Mungu. Upuuzi! Nilijua nilichofanya kabla kidole hakijatoka kwenye kioo.

Gatini walikuwa wananingoja. Walinikumbatia, walinipiga mgongoni, mwenyekiti alinivisha kofia yake. Mzee alikuwa bado ndani ya boti, anakunja wavu. Aliinua macho akaniangalia. Hakukasirika, hapana. Alikuwa ananisubiri. Ilikuwa ni kusema tu, "Jamani, ni wa Mzee," na tungebebana juu kwa furaha sote.

Nikatabasamu kwa ajili ya kamera ya mtu mwingine.

Nikajiambia nitasema wakati wa chakula. Kwenye chakula nikajiambia uwanja wa ndege. Kwenye ndege Mzee alikaa kiti cha jirani, saa tatu nzima, akanimegea nusu ya sandwichi yake. Nikajifanya nimelala.

Kisha nikamtumia dada yangu Kitale ile picha. Mungu wangu! Akaionyesha kanisani.

Tuliporudi Mzee aliendelea kupiga simu kila jioni. Nimekula nini, kazi ilikuwaje. Ila sasa mwishoni aliongeza, "Kuna lingine?" Nilijua vizuri sana anauliza nini. Nikajibu, "Hakuna, Mzee." Anasema haya, lala salama. Baada ya wiki nikaanza kuiacha simu ilie. Mtu pekee anayenipigia duniani, na mimi nageuza simu kifudifudi mezani!

Ikafika Jumapili ya nyama. Nilisimama, nikasimulia. Nilisimulia vizuri, laana hiyo, hata ile namba nane nilisema niliichora mimi. Watu wakapiga meza. Mwenyekiti akasema, "Sasa Mzee Mutiso, wewe ndiye ulikuwa naye. Tuthibitishie."

Mzee akasimama, sahani mkononi. Akasema, "Samaki alikuwa mkubwa kweli. Nilimwona kwa macho yangu. Alirudi majini akiwa mzima." Akakaa, akaendelea kula ugali wake.

Hakusema uongo hata neno moja, na hakuniaibisha. Walipoandika jina langu kwenye kasia alipiga makofi, kama alivyowapigia wengine miaka yote.

Jioni ile simu haikulia. Wala kesho yake. Nilipojikaza nikampigia mimi, haikushikwa. Baada ya wiki mbili nikasikia kwa watu, kwa watu baki, kwamba Mzee Mutiso amehama. Amekwenda Cedar Hill, upande wa Dallas, kuishi kwa binti yake. Mimi niliyejua mpaka anapoficha ufunguo wa akiba, sikuambiwa.

Ndipo nikaandika ukweli kwenye kundi. Wote, bila kujipaka mafuta. Nikaona wamesoma, mmoja baada ya mwingine. Kisha mmoja akauliza, "Kwa hivyo hata yule samaki wa bass wa mwaka juzi hakuwa wako?" Yule alikuwa wangu, jamani! Lakini nani ataniamini? Kwenye klabu ambayo neno la mwenzako ndilo ushahidi, nani anataka kukaa boti moja na mimi? Mwenyekiti alifuta jina langu na kuliandika la Mzee. Hakuna aliyenifukuza. Kila nikiuliza boti gani ina nafasi, zote zimejaa.

Nikaendesha gari mwendo wa saa nne mpaka Cedar Hill. Binti yake alifungua mlango, akafurahi kuniona.

"Oh my God, uncle, ni wewe wa ile samaki kubwa! Karibu! Dad, your fisherman is here! Ametuambia hiyo story mara ngapi!"

Nikasimama pale kwenye kapeti na viatu mkononi. Mzee alikuwa ameisimulia familia yake kama nilivyosimulia mimi kwa klabu. Ndani ya nyumba ya mtoto wake mwenyewe alikuwa bado ananifunika!

Nililia. Nikasema yote mbele ya binti yake, kwamba samaki ni wa baba yake, nane ni ya baba yake, mimi nilishika wavu tu. Binti akaenda jikoni kuweka chai.

Mzee alinipisha kiti. Akasema polepole, "Samaki nilikuwa nimekupa palepale gatini, nilipoona ulivyofurahi. Ungeniomba ningekupa mbele ya watu, ningeapa ni wako. Samaki ni nini?"

Nikasema, "Nisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe zamani. Lakini wewe unafikiri nilikuwa nakupigia kila jioni kwa sababu wewe ndiye mpweke?" Alitazama mikono yake. "Tangu mama yao afariki nilikuwa na mtu mmoja pale Houston. Mtu mmoja wa kuongea naye kweli. Nilikuuliza kila siku, ukaniambia hakuna. Ukishaniambia hakuna, na mimi najua lipo, tutaongea nini tena?"

Nilidhani nimemnyang'anya sifa. Kumbe nilimnyang'anya rafiki, na rafiki huyo alikuwa ni mimi!

Tulikunywa chai. Aliniuliza habari za kazi, za barabara, za dada yangu, vizuri kabisa, kama unavyomuuliza mgeni. Alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akaniombea safari njema, akasema, "Wasalimie watu wa Houston."

Nimsalimie nani? Nilikaa kwenye gari mbele ya nyumba ile mpaka nikaona pazia linafungwa, ndipo nikawasha. Kutoka pale hadi Alief sikuwasha hata redio.

Wewe unayesoma hii, mwanamume au mwanamke, uliye nyumbani au huku ng'ambo. Kama umepokea pongezi ambazo si zako, na mwenyewe yuko hapo kando anakuangalia, fungua kinywa saa hiyo hiyo! Usiseme utasema kwenye chakula. Usiseme unangoja nafasi nzuri. Mimi nilitafuta maneno mazuri wiki tano nzima, na nilipoyapata, mtu wangu alikuwa ameshahama.