Machungwa Yaliyopanda Mto

Kosa ni langu. Kwa hesabu nilizojifundisha chumbani Mwenge, mbali na maji, kompyuta ilionyesha kwamba watoto wa chaza huelea asubuhi na maji yanayotoka mtoni. Basi kina mama wavuna chaza wa Mbweni wakabeba magamba wiki nzima, wakayarundika nje ya mlango wa mto ili chaza wapya washike hapo.

Saa nne asubuhi nikatupa machungwa majini kuwathibitishia kwamba yataelea kwenda baharini. Yakapanda mto.

"Mwalimu, wanao wanarudi nyumbani!" akacheka Bi Mwanahawa, mmoja wao.

Nikafungua daftari lake la saa za maji, ambalo nilinakili namba zake kwenye kompyuta: "Mwezi mwandamo, saa nne, maji yanaanza kujaa." Mimi niliingiza 4:00, ambayo kwa kompyuta ni saa kumi alfajiri, kwa hiyo kwake saa nne maji yalikuwa yanatoka.

"Kwani mlijua?" nikamuuliza.

"Maji tunayajua. Tulidhani kompyuta inajua zaidi."