Bendera Kwenye Geti la Umeme

Mdogo wangu ni kinyozi, na mkono wake unasifika. Watu wako radhi kumsubiri yeye hata kama kinyozi wa mlango wa pili amekaa bure. Lakini akishafunga duka hana habari tena na kichwa cha mtu. Anakimbilia sebuleni kwetu, anawasha kompyuta na kuanza kujenga reli. Ndiyo, reli. Kuna mchezo wa kuendesha treni, na mwenye subira anaweza kujitengenezea humo njia yake mwenyewe: vilima, madaraja, stesheni, hadi majani yanayoota kati ya mataruma ya reli. Wateja wamembandika jina la Mhandisi. Mimi namwita majina mengine, maana meza aliyoigeuza karakana ndiyo ninayokatia vitambaa vya wateja wangu.

Njia anayoijenga ni ile aliyoendesha baba yetu mpaka akastaafu. Ameijenga mara mbili. Moja ni ya enzi za mvuke, yenye matangi ya maji na moshi mweusi. Nyingine ni ya enzi za dizeli, na kwa hii ya pili alichagua mwaka aliozaliwa yeye, kwa kujipenda tu. Amekusanya picha na ramani za zamani. Ameulizana na wenzake wa mtandaoni, watu wa nchi za mbali ambao hajawahi kuwaona, wanaobishania rangi ya mlango wa behewa kana kwamba wanagawana urithi. Sheria yao ni kwamba mwaka ni mwaka. Ukichanganya enzi, umeharibu kazi.

Haraka yake ilikuwa macho ya Baba. Daktari alishasema yanaondoka na hayatarudi. Mdogo wangu alitaka mzee aiendeshe njia yake angali anaona. Hilo nililielewa, ndiyo maana meza sikuidai.

Njia ya mvuke Baba aliiendesha vizuri, hata akapiga honi pasipohitajika. Balaa lilikuwa kwenye dizeli. Kila alipofika kwenye kivuko cha reli karibu na nyumba tuliyokulia, alivuta breki na kusimamisha treni katikati ya njia.

"Bendera iko wapi?"

Mama yetu, Mungu amrehemu, alikuwa mlinzi wa kivuko kile. Alikuwa akishusha boriti kwa mkono kuzuia magari, kisha anamwonyesha dereva bendera ya kijani apite. Baadaye likaja geti la umeme, lenye taa na kengele, Mama akaambiwa asante, nenda nyumbani.

"Baba, mwaka huu wa dizeli geti lilishakuwa la umeme," mdogo wangu alisema. "Bendera ilikuwa enzi za mvuke."

"Weka bendera."

"Nikiiweka nitakuwa nimedanganya."

"Basi endesha mwenyewe."

Wakabaki hapohapo. Kila jaribio, breki, bendera, ugomvi. Mmoja mbishi, mwingine ndiye aliyemfundisha ubishi. Nilichoka nao. Halafu siku moja Mhandisi akanifuata jikoni, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini kwamba mzee anachanganya miaka, pengine akili nayo inaondoka, tumpeleke akapimwe kichwa.

Baba alikuwa barazani, na dirisha la jikoni liko wazi mwaka mzima. Tangu siku hiyo hakukanyaga sebuleni. Alikaa kwenye kiti chake akitazama barabara, na macho yake hayakuwa na muda wa kupoteza kwenye barabara.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nikaenda sebuleni, nikachomoa waya wa kompyuta ukutani.

"Dada! Sijahifadhi!"

"Vizuri. Umemuuliza kwa nini anaitaka hiyo bendera?"

"Nimuulize nini? Picha za mwaka ule ninazo. Geti linaonekana, taa zinaonekana, mtu hayupo."

"Umeuliza dunia nzima, umeshindwa kumuuliza unayekula naye meza moja. Akili nyingi huondoa maarifa. Nenda."

Alikwenda akiburuta miguu. Nikasimama mlangoni nisikie.

Mdogo wangu akamuuliza Baba, bendera ni ya nini.

"Mama yenu walimtoa kazini, hawakumtoa nyumbani," Baba alisema. "Na bendera walisahau kuichukua. Kila nikipita alitoka nayo. Geti lilikuwa la umeme, ndiyo. Yeye hakuliamini. Na mimi nikawa siliamini mpaka nimwone yeye."

Mimi saa hizo nilikuwa shule. Mama hakuwahi kunisimulia, na nilijisikia vibaya kama mtu aliyenyimwa chake.

"Sasa Baba, mbona hukusema?"

"Nimesema mara ngapi weka bendera?"

Mdogo wangu akamweka mwanamke kando ya kivuko, bendera mkononi. Wenzake wa mtandaoni wakamjia juu: mwaka huo hapakuwa na mlinzi, mtoe. Wakadai picha. Akawajibu kwamba picha hana, ana dereva. Kisha akaenda barazani, akamwomba Baba msamaha kwa yale ya jikoni, akamshika mkono hadi kwenye kompyuta.

Baba aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Treni ikapita daraja, ikapita kilima, ikakaribia kivuko. Mwanamke akatokea, mdogo sana, kisha mkubwa. Baba akavuta breki.

Mdogo wangu akashika kichwa. "Nini tena, Baba?"

"Bendera ameishika mkono wa kulia."

"Mchezo wenyewe una watu wa namna hiyo tu. Kuna tofauti gani?"

"Mama yenu aliishika kwa kushoto."

Hapo hata mimi niliingilia, maana nilikuwa nimechoka na nilitaka yaishe. "Baba, Mama hakuwa mashoto. Makofi yote niliyokula yalitoka kulia."

"Sijasema alikuwa mashoto." Alinyoosha kidole, akagusa kioo pale aliposimama yule mwanamke, kisha akamgeukia mdogo wangu. "Mkono wa kulia alikuwa amekubeba wewe."