Mtoto Aliyetoka Ziwani

Mdogo wangu alizama ziwani msimu wa upepo. Alikuwa ametoka Kigoma mjini akielekea vijiji vya kusini kuuza vitenge, kwenye boti ya mbao iliyopakia watu na magunia kupita kiasi. Binti yake wa miaka saba alikuwa naye. Wavuvi walimkuta mtoto ameng'ang'ania dumu tupu, midomo imebadilika rangi. Mama yake hakuonekana siku ile wala siku zilizofuata. Tulimswalia bila mwili, tukakaa matanga bila kaburi, watu wakarudi kwenye shughuli zao, na mtoto akabaki kwangu Bangwe.

Mama yangu, yaani bibi yake, alikuja kutoka Simbo na kukaa nasi siku za mwanzo. Yeye ndiye aliyetoa amri. "Marehemu asitajwe mbele ya huyu mtoto," alisema. "Watoto husahau. Mkimkumbusha, mtamharibu." Hakuna aliyembishia. Mtoto alipoingia ndani tulikatisha mazungumzo, mmoja wetu akaanza kuulizia mvua. Aliingia mara nyingi kwa siku, na kila alipoingia alitukuta tunaongea habari za mvua.

Hakusahau. Aliacha kusema. Ukimwita anakuja, ukimtuma anakwenda, lakini neno halitoki. Na hakutafuna kitu. Uji alikunywa. Ugali, wali, hata ndizi mbivu, aliviweka shavuni kisha akavitema nyuma ya nyumba akidhani hatumwoni. Zahanati walimtazama koo, wakamsikiliza kifua, wakasema mzima. Jirani mmoja akasema ni jini la ziwa limemfuata, mama akafukiza ubani nyumba nzima hadi tukakohoa. Upepo ukipiga mabati, mtoto alijiingiza chini ya kitanda na kujikojolea hukohuko. Nilikuwa naanika godoro lake mbele ya nyumba, mpaka nikasikia watoto wa mtaani wakimwimbia "kikojozi". Nikahamia uani.

Nilikwenda shuleni kumwambia mwalimu wake wa darasa kwamba namtoa, atulie kwanza nyumbani. Alikuwa mwalimu kijana, hana hata muda mrefu pale Bangwe.

"Usimtoe, mama," aliniambia. "Na usimhoji. Nyumbani ana mtu wa kukaa naye?"

"Tunakaa naye wote."

"Mnakaa naye mkifanya nini?"

Tulikuwa tunakaa tukimtazama, kama watu waliomzunguka mgonjwa.

"Mimi sina dawa," akasema mwalimu. "Ila nimeona hapa darasani, mtoto anasema jambo zito wakati anafuta ubao, kwa sababu hakuna anayemkodolea macho. Mpe kazi ndogo za mikono, mfanye pamoja. Saa zilezile kila siku, ajue kinachofuata."

Kazi yangu ni kuanika dagaa, lakini ufukweni hakuweza kwenda. Alifika nyumba ya mwisho, pale ziwa linapoonekana, miguu ikakataa. Nikaomba wenzangu wanitazamie vichanja vyangu kila alipotoka shule, nikakaa nyumbani naye. Tulichambua maharage. Tulifua bombani. Tulikatakata kisamvu, yeye akinipokeza majani. Jioni alimwagia maji mchicha uani kwa kopo lililotobolewa. Siku nyingi zilipita hivyo, hakuna kilichobadilika. Nilichoka. Kuna siku nilitamani kumshika mabega nimtikise mpaka sauti itoke. Nilichambua maharage yaliyokwisha chambuliwa ili tu mikono yangu iwe na kazi.

Kilichoanza kurudi kilikuwa kidogo sana. Alimtupia kuku changarawe aliyoitoa kwenye maharage, kuku akaidonoa na kuitema, mtoto akatoa pumzi puani kama mtu anayekaribia kucheka. Siku nyingine aliguna wimbo wa kuruka kamba wakati anafua. Nilijifanya sijasikia.

Alisema Ijumaa moja alasiri. Nilikuwa namsuka uani, yeye ameketi chini katikati ya magoti yangu, mgongo kwangu.

"Mama mkubwa."

Vidole vyangu vilisimama. Nikavilazimisha viendelee.

"Naam, mwanangu."

"Alinishika hapa." Alijigusa kifundo cha mkono. "Alinishika kwa nguvu. Tulikuwa tunakwenda chini."

"Ehe."

"Nikamng'ata. Akaniachia."

Ndipo nilipoelewa habari ya kutotafuna. Nilitaka kumwambia kwamba ameota. Nilitaka kumwambia mama yake alimwachia mwenyewe, kwa mapenzi, ili yeye aelee. Lakini mimi sikuwamo kwenye yale maji, na yeye alikuwamo.

"Ulikuwa unatafuta pumzi," nikamwambia. "Mtu akiwa chini ya maji, mwili wake unajitafutia pumzi wenyewe. Hukumng'ata kwa kumchukia."

"Lakini amekufa."

"Ndiyo. Amekufa." Tangu msiba, neno hilo lilikuwa halijatamkwa mbele yake. "Boti ilijazwa mno, upepo ukaja, ikapinduka. Hicho ndicho kilichomuua. Wewe hukumuua."

"Nilipomng'ata, aliumia?"

"Labda kidogo."

Akalia. Tangu atolewe majini alikuwa hajalia kwa sauti. Alilia mpaka akatapika uji, na mimi nikimshika paji la uso. Kichwa kilibaki nusu kimesukwa, na Jumatatu alikwenda shule hivyohivyo.

Mama aliporudi tena kutoka Simbo nilimweleza jikoni, mlango umefungwa. Aliketi chini, kiganja shavuni. Hakusema lolote juu ya ile amri yake. Baada ya muda akaniambia nimwite mtoto na nilete kisamvu. Mtoto akaja akampa shikamoo kwa sauti ndogo, wakakaa wakikata majani.

"Mama yako," bibi akaanza, "alipoota meno aliniuma titi mpaka damu. Nilipiga kelele, nikamtupa kitandani."

Mtoto akainua uso. "Ulimkasirikia?"

"Kwa muda ule wa maumivu. Kisha nikamchukua nikamnyonyesha. Mama anayajua meno ya mwanawe. Hayamtii kinyongo."

Alasiri yote ile mama alimzungumzia binti yake: jinsi alivyochelewa kutembea, jinsi alivyokuwa mwongo wa kupendeza, jinsi alivyoiba sukari. Machozi yalimdondoka kwenye kisamvu na hakuyafuta. Mtoto aliuliza maswali. Usiku tulipokula, alitafuna tonge moja la ugali, akameza, akatuangalia kana kwamba anangoja kitu kibaya kitokee. Kisha akakata la pili.

Sitasema alipona. Dagaa hakuwagusa, kwa sababu shuleni aliambiwa samaki hula waliozama, na sikuweza kumwapia kwamba si kweli. Nilijisugua kwa sabuni na ndimu kabla ya kuketi karibu naye. Upepo ulipokuja bado aliingia chini ya kitanda, ila sasa aliniita, nami nikaingiza kichwa na mabega, basi, mwili wangu haupiti zaidi, na tukalala hivyo sakafuni mpaka mabati yanyamaze. Kitanda kilikuwa kikavu mara kwa mara. Nilianza kupumua.

Ndipo baba yake alipokuja. Alikuwa ameachana na mdogo wangu zamani na kuoa tena Kalinzi, huko juu milimani. Alikuja na kaka yake mkubwa, wakaketi, wakakubali chai, wakasema wamemfuata mtoto wao. Nilieleza hali yake: kutosema, kutokula, upepo. Walinisikiliza kwa adabu.

"Tunakushukuru, shemeji," yule kaka akasema. "Lakini mtoto ana kwao."

Nilimpigia mama simu nikitegemea atanitetea. Akasema, "Mtoto ana baba, mwanangu. Tutamzuia kwa lipi?"

Asubuhi ya kuondoka nilimfungia nguo zake kwenye mfuko. Hakulia, wala hakunijibu nilipomwita. Alipandishwa pikipiki kati ya dereva na baba yake, na nilivyomwona, sauti ilikuwa imekwisha kwenda tena.

Mke wa baba yake alinipigia baada ya muda. Msichana mdogo, nikisikia kichanga kikilia mgongoni kwake. "Dada, huyu mtoto anakojoa na hasemi. Baba yake anasema atamchapa mpaka aseme."

"Mzuie," nikamwambia. "Tafadhali, mzuie." Nikamweleza nilichoweza kumweleza. Habari ya meno sikumpa, haikuwa yangu kuitoa. Nikamwambia amweke karibu kwenye kazi, asimhoji, asimkodolee macho.

"Kazi?" Akacheka. "Huku kazi ziko tele."

Kicheko kile kilininyima usingizi. Niliogopa nimemfanya mtumwa wa nyumba kwa maneno yangu mwenyewe. Msimu wa kuchuma kahawa ulipoingia nilipanda pikipiki, nikaenda kuangalia kwa macho yangu.

Niliwakuta shambani wawili, na kichanga kimelazwa kwenye kanga. Mtoto alikuwa amekonda. Alikuwa na kikapu kidogo, anachuma matawi ya chini, na yule msichana anachuma ya juu, amempa mgongo. Walikwenda mti kwa mti hivyo. Msichana alinisogelea akaninong'oneza, "Jana alisema mvua inakuja. Ni hilo tu." Alilisema kama mtu anayeonyesha kitu alichokiokota na hajui thamani yake. Fimbo, alisema, ilikuwa imepigwa mara kadhaa, na mara nyingine yeye alisimama katikati.

Nilichuma nao mpaka jua likaelemea. Nilipoaga, mtoto alinisindikiza hadi njiani. Aliniomba jambo moja, kwa sauti iliyonilazimu kuinama: nimwambie baba yake kitanda chake kisogezwe karibu na mlango, aweze kutoka usiku.

Nikarudi naye hadi nyumbani kwao, nikamwambia baba yake. Alinisikiliza amesimama, mikono mfukoni. Mkewe ndiye aliyempa mtoto kile kichanga akishike, akaingia ndani, na tukiwa bado tumesimama pale nje tukasikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu.