Sinema za Bi Mwanamize

Bi Mwanamize Mselem aliingia kwenye filamu kwa sababu ya adabu. Alikuwa ameshavuka hamsini, kazi yake kugawa chakula katika kantini ya hospitali upande wa Harborne, Birmingham, kule Uingereza, na hakuwa na hamu yoyote ya kutazamwa na watu. Mumewe Maulid husema hata picha ya pasipoti alibembelezwa ndipo akapiga.

Siku hiyo alikuwa mtaa wa Hockley, akimpelekea suruali za Maulid shoga yake Khadijo, Msomali wa Nairobi mwenye chumba cha ushonaji pale. Jengo la jirani lilijaa taa, nyaya na vijana wa makoti meusi. Kijana mmoja akamkimbilia.

"Samahani, wewe ndiye maiti wetu?"

Bi Mwanamize ameishi Birmingham miaka mingi na amezoea kuulizwa mambo ya ajabu na watu asiowajua. Akadhani ni mzaha. Akajibu kwa upole, "Bado, inshallah."

"Basi njoo upesi, tumekungoja sana!"

Kufumba na kufumbua, kalazwa juu ya meza ya chuma, shuka mpaka kidevuni, uso umepakwa rangi ya majivu. Alitaka kusema kwamba wamekosea mtu, ila kila aliyemtazama alikuwa na haraka, naye hapendi kuwasumbua watu kazini. Tena taa zilikuwa na joto zuri, na tangu alfajiri alikuwa amesimama kantini. Yule mwigizaji aliyekuwa mpelelezi akainama, akasema kwa huzuni, "Mama huyu amekufa tangu Jumanne."

Maiti akakoroma.

Wala si kidogo. Mtu wa sauti alivua vile vidude vyake masikioni. Mwongozaji wa filamu, mwanamke mmoja anayeitwa Neeta, alicheka mpaka akakaa chini. Alipoelezwa kwamba huyu si maiti waliyemwagiza, hakukasirika.

"Maiti ninaoletewa wote hukaza macho kama wanangoja sindano," alisema. "Wewe umetulia. Tufanye tena, lakini usikorome."

Bi Mwanamize akafa tena, safari hii kimya kimya, na akafa vizuri. Alipotoka akamkuta Khadijo barabarani, kashika kiuno.

"Wallahi nimekutafuta mpaka nimechoka! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimekufa hapo jirani," akasema Bi Mwanamize, akampa suruali.

Miezi michache baadaye Neeta akampigia simu. Anatengeneza filamu ya kutisha kwenye jumba moja kule Sutton Coldfield, anataka mazombi. Nasreen, binti yake na Maulid, aliyezaliwa hapahapa Birmingham, aliposikia alijifunika uso kwa mto.

"Mama, no. Please. Rafiki zangu wana-watch hizo movies."

"Watanisalimia," mama akajibu.

Kule Sutton mazombi walitakiwa kuvamia sebule na kumla mwenye nyumba. Nyama yenyewe ilikuwa jeli nyekundu kwenye sinia. Neeta akapiga kelele waanze, mazombi wakaingia wakiunguruma, na Bi Mwanamize akamkanyaga zombi mwenzake. "Samahani mwanangu, nimekuumiza?" Wakarudia. Safari ya pili aliunguruma sawasawa mpaka akaifikia ile nyama, kisha akainua mkono kama mwanafunzi.

"Hii jeli imetengenezwa na nini? Isije ikawa nguruwe."

Hakuna aliyejua. Kazi ikasimama. Wakapigiwa simu walioiuza, nao hawakupokea. Mazombi wengine wawili, Waislamu pia, wakajivuta pembeni na kuweka sinia chini. Neeta alikuwa ameshika kichwa, ndipo Bi Mwanamize akakumbuka kwamba kwenye mkoba wake ana kopo kubwa la halua, kaletewa kutoka Unguja na mgeni wa juzi. Akalifungua. Halua ile nyekundu, inanata, inang'aa, inavutika. Neeta aliitazama kama mtu aliyeona dhahabu.

Basi mwenye nyumba akapakwa halua kifuani na mabegani, mazombi wakamvamia. Hawakuhitaji kuelekezwa. Mwongozaji alipotaka wasimame hawakusimama. Yule mwigizaji chini akawa anasema kwa sauti ndogo, "Jamani, na mimi nionjeni," mpaka zombi mmoja akamtilia kipande mdomoni.

Jioni Bi Mwanamize hakutaka kuchelewa nyumbani, akapanda treni na damu zake za bandia usoni. Watu waliotoka kazini hawakuinua macho kutoka kwenye simu zao. Bibi mmoja tu wa Kizungu alimtazama kwa huruma, akasogeza begi lake na kusema, "Kaa hapa mpenzi. Nadhani wewe pia unafanya kazi hospitali, kama mimi."

Baada ya hapo kukaja filamu ya mapenzi. Mwongozaji alikuwa mwingine, Jagjit, mtu wa kunong'ona. Wapenzi wawili walikaa mezani kwenye mkahawa, barabara ya High Street, Harborne, wanaagana. Bi Mwanamize kazi yake ilikuwa kukaa meza ya nyuma, kunywa chai, na kutosema kitu. Kijana akamwambia msichana kwamba anahamia Kanada na hawezi kumchukua. Msichana akalia. Bi Mwanamize akaweka kikombe.

"Muulize huko Kanada ana nani!"

Jagjit alifumba macho. "Mama," alinong'ona, "wewe huwasikii."

"Nitakosaje kuwasikia, na mimi niko hapa?"

Walirudia. Akajikaza kweli, akang'ata kitambaa cha mezani, lakini msichana alipovua pete, yeye ndiye aliyelia kwa kwikwi kumshinda mwenye mchumba. Wakamhamishia karibu na mlango wa choo.

Filamu ya kutisha na ile ya mapenzi zilipotoka, Maulid alikusanya jamaa wakaenda kuangalia. Kwenye ile ya mapenzi walitafuta sana, na mwisho Khadijo akapaza sauti, "Kiwiko hicho! Nakijua, hiyo blauzi nimeishona mimi!" Ukumbi mzima ukageuka. Ile ya kutisha, Maulid alianza kutazama kwa ujasiri, halafu mlango wa kwanza ulipolia kwii, akajifunika koti na hakutoka tena mpaka taa zikawaka.

"Nimeonekanaje?" mkewe akamuuliza.

"Umependeza sana," Maulid akasema kutoka ndani ya koti.

Kisha mwaka jana Neeta akamletea jambo zito: maneno ya kusema. Ilikuwa filamu ya vichekesho, na Bi Mwanamize angesimama kituoni amwambie msichana anayekimbilia harusi yake, "Basi limeshaondoka." Hayo tu.

Aliyafanyia mazoezi nyumbani kwa huzuni, kwa hasira, kwa siri. Maulid akiuliza chai iko wapi, anajibiwa basi limeshaondoka. Asubuhi moja akajaribu kituoni, mbele ya watu, kwa sauti yake kamili ya sinema. Mwanamume mmoja akatukana na kuanza kupanda kilima kwa miguu, na mwanamke mwenye mizigo akamfuata. Basi likatokea papo hapo. Bi Mwanamize akapanda, akajiinamisha dirishani wasimwone linapowapita.

Siku yenyewe alisema maneno yake safi kabisa. Shida ilikuwa kwa yule msichana, mwigizaji maarufu, ambaye jibu lake lilimtoka kichwani. Akabaki kasimama, gauni la harusi mkononi, mdomo wazi. Bi Mwanamize akamhurumia, kisha huruma ikageuka hasira.

"Siku ya harusi yako unatoka saa hizi? Ulikuwa unafanya nini, we mtoto? Nywele zenyewe hujachana! Hebu njoo hapa." Kwa Kiswahili kitupu. Akamvuta, akamfunga nywele vizuri, akamfuta jasho kwa ncha ya mtandio, akampiga kibao kidogo cha mgongo. "Haya, kimbia!"

Msichana akakimbia kweli, akapita kamera, akakata kona.

Neeta aliacha yote, hakukata hata pumzi. Kwenye ukumbi, watu wasiojua neno moja la Kiswahili walicheka mpaka wakapigana mabega. Maulid alitazama kwa macho mawili. Nasreen akamnong'oneza mama yake, "Okay Mama, that was actually you. Ndivyo unavyonifanyia kila asubuhi."

Wakangoja majina mwishoni, wamesimama kama wanangoja wimbo wa taifa. Likaja lake: Mwana Mice. Nasreen akawaka, anataka kuandika malalamiko usiku uleule. Mama akauliza kosa ni nini.

"Panya, Mama. Wamekuandika panya wengi!"

Bi Mwanamize alifikiri kidogo, akatengeneza mtandio wake.

"Almuradi nimeandikwa," akasema, akamtuma Maulid akawahi kupiga picha kabla jina halijapotea juu.