Neno la Mwisho la Dulcie Pilling

Dulcie Pilling alizaliwa chumba namba nne, kwa sababu namba moja mpaka tatu zilikuwa na wageni waliokwisha kulipa, na mama yake, Bi Ada, hakuwa mtu wa kumhamisha mgeni kwa jambo dogo kama kuzaa.

Nyumba hiyo ya wageni ilikuwa Saltby, mji wa pwani kaskazini mwa Uingereza, ambako watu huja kuoga maji ya barafu kisha wakajidai wamefurahi. Wateja wa Bi Ada walikuwa waigizaji. Walifika kila Jumapili na masanduku yao, na Jumapili iliyofuata waliondoka wakinuka kabichi. Sheria za nyumba zilibandikwa ukutani: kuoga mara moja kwa wiki, kuimba bafuni marufuku, na mlango wa mbele hufungwa saa nne na nusu usiku, awe nani awe nani.

Dulcie alikuwa na miaka kumi na tisa alipogundua kwamba naye alikuwamo katika hiyo "awe nani". Alikuwa amepata nafasi yake ya kwanza jukwaani, kijakazi mwenye sentensi moja, na wenzake wakampeleka kula samaki wa kukaanga kusherehekea sentensi hiyo. Akarudi dakika tano baada ya muda. Akagonga. Dirisha la juu likafunguka, kichwa cha Bi Ada kikatokeza na wavu wake wa nywele.

"Nyumba imejaa!" akasema, dirisha likafungwa.

Dulcie hakugonga tena. Alilala kwenye benchi la stesheni, akapanda treni ya kwanza ya London na harufu ya samaki mikononi.

Huko mambo yakamnyookea, maana ulimi wake ulikuwa wembe. Akaandika michezo kumi na mmoja ya kuchekesha na kuigiza katika yote, hasa vikongwe wakorofi. Waume wawili walipita: wa kwanza alipiga tarumbeta, wa pili hakupiga hata hiyo. Mlevi mmoja aliwahi kumpigia kelele katikati ya onyesho: "Dulcie, zamani ulikuwa mzuri zaidi!"

"Na wewe zamani ulikuwa na nywele," akajibu, "lakini mimi sijapiga kelele."

Jibu hilo lilikuwa kosa la jinai. Siku zile kila neno la jukwaani lilipaswa kusomwa kwanza na ofisi ya wakaguzi na kugongwa muhuri. Dulcie alikuwa na dawa yao: katika kila mchezo aliweka mizaha mitatu ya aibu tupu ili mkaguzi aikate na kuona amekula mshahara wa halali. Mzaha wa nne ukapita salama.

Kwa mama yake alipeleka kadi kila Krismasi. Bi Ada alijibu kila mara kwa maneno yaleyale: "Imefika. Mvua." Miaka ishirini na miwili ikapita hivyo, na kila mmoja alikuwa na shingo ngumu ya kutosha watu sita.

Kisha Dulcie akaandika mchezo wa kumi na mbili, akauita Kabichi. Humo aliigiza mama yake mwenyewe, kwa wavu wa nywele, aproni na ndara. Mwishoni binti anagonga mlango, mama anasema "Nyumba imejaa," pazia linashuka. Mchezo mzima uliandikwa kwa ajili ya maneno hayo mawili. Dulcie alitaka Bi Ada ayasikie mbele ya watu, aone haya. Baada ya hapo kama hatakuwa na mama tena, basi, si alishazoea?

Mchezo ulizinduliwa Saltby. Dulcie akapeleka tiketi nyumbani, mwenyewe akashukia hotelini.

Mazoezini hakuyatamka maneno yale hata mara moja, kwa kuwa ni mwiko: neno la mwisho la mchezo halisemwi mpaka usiku wa kwanza mbele ya watazamaji, la sivyo balaa. Msimamizi wa jukwaa, Mabel Tunstall, aliulinda mwiko huo kama mlinzi wa benki.

"Ukifika hapo fumba mdomo, bibie," alisema.

"Mabel, ni mara ya kwanza mtu kuniomba hivyo nikafurahi," Dulcie akajibu. Na kweli alifurahi. Maneno yale yalikuwa yamemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Usiku wa kwanza Bi Ada alikuja, akakaa safu ya tatu na koti lake na kofia yake, mkate wake ndani ya mkoba. Watu wa Saltby walicheka mpaka wakashika mbavu, huku wakimtupia macho. Yeye hakucheka. Alisema neno moja tu, Dulcie alipotia kabichi sufuriani:

"Chumvi kwanza!"

Ikafika mwisho. Binti akagonga. Dulcie akasimama juu ya ngazi, mwenye kamba ya pazia akisubiri. Akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Pembeni Mabel akanong'ona, "Nyumba imejaa."

Bi Ada akasimama.

"Si useme! Nilisema, sikatai. Lakini na mengine uyaseme. Nilikuacha dakika tano ushike adabu, nikashuka kukufungulia. Hupo! Nikakaa pale kwenye ngazi mpaka muuza maziwa akapita. Hiyo mbona hukuiandika?"



"Sikujua, mama," Dulcie akasema. Mabel akashika kichwa: maneno hayo hayakuwa na muhuri.

"Utajuaje? Tangu utoto hungoji hata uji upoe." Bi Ada akachukua mkoba wake. "Haya, mlango nafunga saa nne na nusu, kama kawaida."

Akatoka, akiwakanyaga vidole watu saba. Pazia likashushwa kwa huruma tu.

Dulcie hakubadili nguo. Alikimbia barabara ya ufukweni akiwa na aproni na ndara, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja akilia kwa kwikwi, na wapita njia wakadhani Bi Ada amerukwa na akili. Alifika dakika mbili kabla ya muda. Hakupata hata nafasi ya kugonga. Mlango ukafunguka, na Bi Ada Pilling wawili wakatazamana, wavu kwa wavu, ndara kwa ndara.

Mwenye nyumba akamwangalia juu mpaka chini.

"Futa miguu," akasema.

Asubuhi, baada ya chai na samaki wa moshi, Dulcie alifuta neno la mwisho la mchezo wake, akaandika hayo mawili ya jana mlangoni, akayapeleka kwa mkaguzi. Yakagongwa muhuri bila kuguswa. London watu waliyalilia kwa mwaka mzima, na mwandishi mmoja wa gazeti akamuuliza yana maana gani ya ndani.

"Yana maana miguu ilikuwa michafu," Dulcie akajibu.

Lakini mazoezini, mpaka anaingia kaburini, hakuna aliyeruhusiwa kuyatamka.